Kibati Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 9 Februari 1987

Leo tumeanza kituo kipya. Mrihini! Niliambiwa Ijumaa.

Niandike kwa utaratibu. Gari la hoteli linatoka Malindi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Musyoka kwenye usukani, mimi mlangoni. Watalii wa kutembea kwa miguu katika msitu wa Sokoke tunawashusha Langoni, penye kibanda cha askari. Magari yao hayaruhusiwi tena kuingia. Desemba yalikuwa mengi mno, yalibanana njiani mpaka ndege wakahama, asema Masha, askari wa msitu. Sasa ni gari letu tu. Wao wanapita ndani kwa miguu, wanatafuta ndege na yule mnyama wa pua ndefu na makalio ya manjano. Sisi tunazunguka kwa barabara, tunawangoja upande wa pili. Zamani tulikuwa tukiwangoja Bwawani. Sasa njia imeongezwa, inatokea Mrihini.

Na Mrihini ndiko aliko mwanangu.

Nyumba ya mavyaa, mamake mume wangu Lewa, iko pale pale, gari likisimama naiona. Hatua kama sitini. Sikwenda — siruhusiwi kuuacha mlango. Wakaja wao, kama kijiji kizima kilivyokuja kutazama gari. Mavyaa mbele, anachechemea na mguu wake, na Kahonzi mkononi. Amerefuka! Krismasi alinifika hapa, kiunoni, leo amepita.

Nikampa mavyaa shikamoo. Akaitikia vizuri tu. Akamwambia mtoto amsalimie mamake. Mtoto akanipa mkono. Mkono mdogo, mkavu, wa adabu, kama anavyopewa mgeni. Kisha akarudi nyuma ya leso ya bibi yake.

Dakika ishirini, tukaondoka.

Maziwa yalinitoka palepale mlangoni, yunifomu ikalowa. Ni maziwa ya Nzai, mdogo wake, si yake tena. Lakini yalitoka kwa ajili yake.

Jumanne, 10 Februari

Hakuja. Ati wamekwenda kisimani. Nimekaa mlangoni dakika ishirini nikitazama mlango mwingine.

Nzai ameota jino la pili. Wanjira ndiye aliyeliona, jirani anayenishikia mtoto. Si mimi.

Alhamisi, 12 Februari

Amekuja peke yake! Bibi alibaki barazani.

Alikuja kwa sababu ya ubao. Ubao wa vibati umepigiliwa ndani ya mlango wa gari, misumari ishirini na minne, safu tatu. Kila mtalii akishuka Langoni nampa kibati chake, kimekatwa kwenye debe la mafuta, kimegongwa namba, kina kamba ya kuvaa shingoni. Akitoka msituni anarudisha, natundika. Desemba tulikuwa tukihesabu vichwa, haikufaa. Huyu kaondoka na gari la rafiki yake, yule kabaki na ndege wake, na siku moja tuliwaacha bibi na bwana wazee mle mpaka jioni. Tangu siku hiyo sheria ni moja. Anayeondoka njiani amwachie Masha kibati, na gari haliondoki mpaka msumari wa mwisho upate chake.

Kahonzi akasimama anatazama. Akauliza mbona misumari mingine ina kitu na mingine haina. Nikamweleza hayo yote. Nikamwambia, gari haliondoki mpaka vyote virudi. Akauliza, hata dereva akitaka? Nikamwambia hata akitaka. Musyoka akacheka huko mbele, akasema laiti mtoto huyu angekuwa meneja.

Nikampa viwili avitundike. Anafika safu ya chini tu, tena mwanzo wake, msumari wa kumi na saba, kwa vidole vya miguu. Akatundika kimoja hapo. Akakiondoa, akakitundika tena.

Alipokuwa anarudi nikamsikia akimwambia bibi yake: mama wa gari amenipa kazi.

Mama wa gari. Basi. Si haba.

Jumapili, 15 Februari

Jumapili na gari liko njiani. Kanisani sijaenda tangu mwaka uanze. Musyoka ananiambia Mungu anaona yunifomu. Ni mtu wa Kitui, hachekeshi kwa makusudi, ndio maana anachekesha.

Nilimzaa Kahonzi nikiwa na miaka ishirini. Alipofika miwili nikapata mimba nyingine, ikatoka, nikaugua. Mavyaa akaja akamchukua amwachishe ziwa kwake, kama wanavyofanya kwetu. Miezi mitatu, alisema. Kisha nikapata kazi. Kisha Nzai. Miezi mitatu imekuwa karibu miaka miwili, na hakuna siku hata moja ambayo mtu alisema neno. Ndilo kosa langu. Nilinyamaza kwa heshima, na heshima ikageuka ruhusa.

Jumatano, 18 Februari

Leo nimesema.

Watalii walichelewa, Masha alitoka kutuambia kuna ndege fulani wamempata hawataki kumwacha. Nikamwomba Musyoka aniangalizie mlango. Nikatembea zile hatua. Ni sabini na moja.

Mavyaa alikuwa anachambua mchicha. Sikukaa. Nikamwambia nimekuja kwa maneno ya Kahonzi, kwamba ukifika mwezi wa tatu nataka awe kwangu, kuna mahali pa kulala, na mwakani nitamtia shule ya chekechea.

Alichambua mpaka mwisho. Kisha akaniambia mtoto huyu ana jina lake. Hilo najua. Binti wa kwanza hupewa jina la mamake babake, Lewa mwenyewe humwita mtoto "mama". Akasema mume amezikwa, mwana wake wa pekee yuko Marereni anavuna chumvi, mguu huu hauna dawa. Akasema:

"Nyumba hii nikiita Kahonzi, kuna anayeitika. Ukimchukua somo yangu, nitaita nani?"

Nikatazama mchicha. Kisha likanitoka, sijui lilitoka wapi:

"Mama, nilimleta aachishwe ziwa. Sikumleta aachishwe mama."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Aliniambia tu kwamba najua mtoto wa jina lake haondoki hivihivi. Ni kweli. Kwetu mwenye jina ni lazima amhatse kwanza: atie maji kinywani, ampulizie mtoto kifuani, atamke mwenyewe kwamba amemwachilia. Bila hivyo mtoto akipata homa hata ya mafua, kila mtu anajua imetoka wapi. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba na nimebatizwa. Sithubutu hata hivyo.

Musyoka akapiga honi. Nikarudi mbio.

Ijumaa, 20 Februari

Ameniletea bibo! Bibo moja jekundu la mkorosho, ameliuma upande mmoja kuona kama ni tamu. Tumekaa kwenye ngazi ya gari tukalila, upande wangu, upande wake. Maji yake yamenidondokea kwenye yunifomu. Nywele zake zinanuka moshi wa kwa mavyaa na mafuta ya nazi. Zimesukwa vizuri. Nilitaka kukuta zimesukwa vibaya.

Jumamosi, 21 Februari

Doa la bibo halitoki. Ndimu, chumvi, majivu, sabuni ya kipande. Limekuwa jeusi. Meneja ameuliza kama ndivyo tunavyopokea wageni. Nikasema samahani bwana. Sitaki litoke.

Jumamosi, 28 Februari

Lewa amekuja kutoka Marereni. Ana siku mbili. Viganja vyake vimepasuka kwa chumvi, nikavipaka mafuta, akalala kabla sijamaliza kiganja cha pili. Nzai hakumjua, alilia.

Alipoamka nikampa maneno yote. Alisikiliza. Lewa husikiliza sana, ndiyo taabu yake. Akasema mama anasema kweli na mimi nasema kweli. Nikamwambia najua hivyo, nataka kujua yeye anasema nini. Akasema tungoje mvua, mama apande kwanza mahindi yake. Mvua ya mwaka gani, nikamuuliza.

Akacheka, akatoka kurekebisha kitasa ambacho hakikuharibika.

Nampenda. Lakini hawezi kumwambia mamake neno, na binti yake anamwita mama. Nitamtegemea vipi mtu mwenye mama wawili?

Jumanne, 3 Machi

Siku gani hii.

Asubuhi tulishusha watu ishirini na wanne, ubao mzima. Saa nne Mrihini wakaanza kutoka msituni mmojammoja, wamejaa vumbi, wanafurahi. Kahonzi yuko kwenye ngazi. Sasa wanamjua, wanampa vibati yeye mkononi, yeye ananipa mimi, kile cha msumari wa chini anakitundika mwenyewe. Nilikuwa nawagawia maji. Masha akatoka wa mwisho, akaleta vibati viwili vya watu waliorudi Langoni.

Tukahesabu. Ishirini na vitatu. Msumari wa kumi na saba mtupu.

Musyoka akauliza garini nani alikuwa na kumi na saba. Wakatazamana. Nani anakumbuka namba? Mmoja akasema labda ni yule mrefu wa kofia ya majani. Yule wa kofia yuko au hayuko? Kofia zilikuwa tatu! Masha akasema alipita njia kubwa, lakini njia za miguu mle ni tatu na yeye ni mmoja. Akatoa filimbi, akarudi msituni.

Tuliisikia ikienda mbali. Fii — kimya. Fii — kimya. Jua likapanda. Mama mmoja akaanza kulia, ati wana ndege ya kupanda Mombasa jioni. Musyoka akazima injini. Mimi nikamwomba Mungu asiwe amepotea mtu, asiwe ameumwa na nyoka, nikaketi kwenye ngazi.

Kahonzi akaja akakaa mapajani pangu. Mwenyewe. Sikumwita.

Akaniegemea. Akanishika kifungo cha yunifomu, akakizungusha, kama alivyokuwa akifanya akinyonya. Nilidhani amesahau. Akalala! Saa nzima, na filimbi ikilia msituni, na watu wakinung'unika nyuma yangu, mwanangu alilala mapajani pangu akinidondoshea mate. Mungu anisamehe, niliacha kuomba. Nilitaka yule mtu aendelee kupotea kidogo.

Nikamwinua nimgeuze upande. Kitu kigumu kikanichoma tumboni. Nikafungua fundo la kileso chake.

Kumi na saba.

Akafungua macho. Hakuogopa hata. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayenikumbusha kitu:

"Gari haliondoki mpaka vyote virudi. Wewe umesema."

Kisha nikamshika mabega, nikamwambia asifanye tena. Nikamwambia kuna mtu msituni anatafuta, miiba inamchoma, kwa sababu ya kitu hiki. Nilisema kwa ukali, nilitaka asikie. Midomo ikamtetemeka, lakini hakulia. Akauliza, kwa hiyo utaondoka?

Nikamwambia ndiyo. Nitaondoka.

Akashuka mapajani akaenda zake bila kutazama nyuma. Ana miaka minne kasoro.

Nikasema nimekiona chini ya kiti. Musyoka akanitazama kwenye kioo. Wakamwita Masha kwa honi. Alitoka saa moja baadaye, muundi unavuja damu, suruali imechanika, anauliza kwa furaha amepatikana mzima? Nikamwambia hakuna aliyepotea. Nikamwambia pole. Hiyo pole ilikuwa nyepesi mno kwa damu ile.

Alhamisi, 5 Machi

Meneja ameniita. Nimeandikiwa barua ya onyo. Kitu kama kile kikitokea tena, nirudishe yunifomu. Nimetia sahihi.

Kisha akasema jingine, kama la kuongezea. Kituo cha Mrihini kinafungwa. Mvua zinakuja, ile barabara ya udongo itakuwa tope, na wageni wamelalamika ni mbali. Jumamosi ya tarehe kumi na nne ndiyo mwisho. Baada ya hapo gari litarudi kungojea Bwawani.

Nilisimama nje ya ofisi na barua mkononi. Barua haikuniuma.

Siku tisa.

Jumamosi, 7 Machi

Nimemwambia Musyoka kweli yote, kwa sababu angepata kosa kwa ajili yangu. Alikuwa anajua. Aliona kwenye kioo. Akasema kwao mtoto akimficha mgeni viatu, mgeni hulala siku ya pili, na hakuna anayemchapa mtoto.

Nikamwambia mimi si mgeni.

Akakata kona yote ya Gedi kabla ya kujibu. Akasema, "Basi acha kukaa mlangoni, dada yangu."

Tulipofika Mrihini nikaenda moja kwa moja kwa mavyaa. Safari hii nilikaa, kwenye kigoda, karibu na magoti yake. Nikamweleza gari halitakuja tena baada ya Jumamosi ijayo. Nikamwambia Jumamosi nitakuja na nafasi moja kwenye gari, kiti cha mbele, Musyoka amekubali. Nikamwambia simwibi mtoto. Sitamgusa mpaka yeye mwenyewe amhatse. Lakini sitaacha kuomba pia. Na kila mwisho wa mwezi, Lewa akija, tutamleta alale kwake siku mbili, nimeapa kwa Nzai.

Akaniuliza mguu ukimuuma usiku ni nani atakayeamka. Nikamwambia sijui, mama. Sikutaka kumdanganya.

Akanitazama doa la bibo kwa muda mrefu. Akauliza kama limekataa kutoka. Nikasema limekataa.

Kahonzi hakuja ngazini tangu Jumanne. Alikaa nyuma ya nyumba. Nilimsikia anawaimbia kuku.

Jumapili, 8 Machi

Jioni nimeshona gauni. Leso ya zamani ya njano. Sijui kipimo, nimepima kwa vile alivyojaa mapajani pangu. Wanjira ameniletea mkeka mdogo, akasema tuutandike upande wa dirisha. Tumeutandika. Nzai ametambaa mpaka hapo akakojoa. Amemkaribisha dadake.

Jumatano, 11 Machi

Mlango wa mavyaa umefungwa. Kuku hakuna nje. Jirani akasema wameondoka jana alfajiri, mavyaa na mtoto na kifurushi. Kwenda wapi? Hajui. Labda Ngomeni kwa dadake.

Nimegawa maji. Nimetundika vibati ishirini na vinne. Nimefunga mlango wa gari.

Alhamisi, 12 Machi

Umefungwa.

Ijumaa, 13 Machi

Wamerudi!

Nilimwona Kahonzi kabla gari halijasimama, yuko ukingoni mwa barabara na kichwa kimenyolewa nywele zote. Kumbe alikuwa na mba, dadake mavyaa wa Ngomeni ana dawa yake, wameipata, wamerudi. Ndiyo habari yote. Na mimi nilikuwa nimekwisha kumzika mtu kwa mawazo mabaya.

Au ndivyo alivyosema. Sijui. Mtu hafungi kuku wote kwa sababu ya mba.

Kahonzi akaja mpaka kwenye ngazi. Akapokea kibati cha kumi na saba kwa mzee mmoja Mwitaliano, akakitundika. Kisha akafungua viganja vyote viwili akanionyesha. Vitupu. Akavigeuza, nione na nyuma. Akasema, "Sijachukua."

Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Nilitaka kumwambia chukua. Chukua vyote ishirini na vinne, mwanangu, ukavizike chini ya mkorosho.

Nikamwambia umefanya vizuri.

Mavyaa alikuja mpaka karibu, akasimama ananiangalia ninavyohesabu. Alihesabu nami, niliona midomo. Hajui kusoma, lakini msumari mtupu haumhitaji msomi. Akaniuliza jambo moja tu, kesho gari linafika saa ngapi. Anajua saa. Kila siku anajua saa. Nikamjibu saa nne kasorobo, kama kawaida.

Lewa ametuma salamu kwa lori la chumvi. Ati hawakumpa ruhusa ya kesho. Ati yuko pamoja nasi sote. Sote!

Nimeliweka gauni ndani ya mfuko wa kazini. Nimelitoa. Nimeliweka.

Jumamosi, 14 Machi

Saa nne na dakika ishirini na tano. Naandika hapahapa Mrihini, kwenye ngazi ya gari, daftari juu ya goti. Sijawahi kuandika kazini. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Niweke kwa mpango. Tumefika kwa wakati. Wingu zito upande wa bahari, matone mawili matatu yameanguka, yamekoma. Watalii wametoka mapema, wanaogopa mvua. Kahonzi alikuwa tayari ukingoni, amepakwa mafuta anang'aa, amevaa kigauni chake cha zamani. Hakuna kifurushi. Nikatafuta kifurushi kwa macho, hakuna. Mavyaa yuko nyuma yake, mkono mmoja ameshika kata ya maji.

Maji! Nilijiambia nisifikiri kitu. Kuna watu hubeba maji wakiwa na kiu.

Mavyaa alifanya jambo ambalo hajawahi. Alikuja mpaka mlangoni akasimama na mjukuu, watalii wakirudisha vibati. Kwa kuwa ndiyo siku ya mwisho wengine walimpa yeye, wakidhani na yeye ni wa kazini. Akavipokea, akampa mtoto, mtoto akanipa mimi. Tulikuwa watu watatu tunafanya kazi moja. Ilikuwa karibu na furaha.

Masha akatoka wa mwisho, hana cha mtu mkononi. Nikahesabu.

Ishirini na vitatu.

Sikuhitaji kutazama ni msumari gani. Nikamtazama Kahonzi. Akafungua viganja mara moja, mbele, nyuma. Akafungua na kileso bila kuambiwa. Macho yamemtoka. "Si mimi, mama," akasema. Mama — si mama wa gari, ni mama tu. Nikamwambia najua.

Maana nilikuwa nimekwisha kuona. Kamba ya kibati inaning'inia kwenye ngumi ya mavyaa. Mkono wa kushoto, ule usio na kata. Anaibana kwa nguvu mpaka mishipa imesimama, na hanitazami. Anautazama ubao. Midomo yake inarudia hesabu.

Garini wameanza kuuliza. Masha ameshatoa filimbi. Nikasimama nikamwambia asiende, hakuna mtu msituni, safari hii sitamwacha achomwe na mwiba hata mmoja. Ameniuliza nimejuaje. Nimemwambia najua. Anangoja nimalize. Barua ya onyo iko kwenye mkoba wangu, imekunjwa mara nne.

Ningeweza kunyoosha mkono. Ni hatua mbili tu. Mguu wake ni mbovu na ngumi yake ni ya mzee, ingefunguka. Ningesema, mama, nipe, kazi yangu itapotea. Angenipa. Najua angenipa, na angerudi barazani na maji yake.

Sinyooshi.

Musyoka amezima injini. Ameshuka, anazunguka gari anapiga teke magurudumu, moja baada ya jingine, yote mazima. Ametufikia hapa mlangoni, akampa mavyaa shikamoo kwa adabu zote, akaendelea na gurudumu la pili.

Kahonzi amepanda mwenyewe kiti cha mbele. Nilimwambia ndicho chake, lakini sikumwambia apande. Amekaa, miguu haifiki chini. Anamwita bibi yake aje aone vile kiti kinavyobonyea. "Hawe! Hawe, njoo!"

Mavyaa amesogea hatua moja. Maji yametikisika kwenye kata, hayakumwagika. Ametia kidogo kinywani. Mashavu yamejaa. Hapulizi. Hamezi. Machozi yanamshuka, na mdomo umefungwa, na ngumi imefungwa, na gari zima limenyamaza sasa, hata wao wasiojua kitu.

Nimemsogelea kwenye ngazi. Nimemwambia polepole, mama, hatuna haraka.